Uliza Ujibiwe: Bunduki imebaki nyumbani, mbona pongo ananikimbia?

Shikamooni wahariri. Kibali cha kuwinda sikukata tena, lakini pori limenishinda kuliacha. Natoka na darubini tu. Ajabu ni kwamba nilipokuwa na bunduki niliwakuta pongo, wale swala wa msituni, kila mara, na sasa naambulia mikia. Nakosea wapi? – Msomaji, Mafinga

Marahaba. Kunyatia unakujua, unachokosea ni mahali pa kukomea. Mwindaji husogea mpaka apate pa kupigia, na akishafyatua hana shida tena na mnyama kushtuka. Mtazamaji akifika hapo ndipo kazi yake inaanza. Kwa hiyo komea mapema. Kwa pongo au funo wa ukingoni mwa msitu, hatua 60 hadi 100 zinatosha. Kwa tohe wa majani ya wazi, zidisha mara mbili.

La pili ni upepo, na wengi huponzwa na saa. Milimani kwetu hewa ya alfajiri imepoa, hushuka na mteremko. Jua likishika, kuanzia saa 2 au 3 asubuhi, inageuka na kupanda. Ukikaa chini ya korongo saa 12 alfajiri, harufu ya aliye juu inakujia wewe. Ukiendelea kukaa hapohapo saa 3, harufu yako ndiyo inampandia yeye, nawe utasema ana macho makali! Tia majivu makavu yaliyochekechwa kwenye soksi kuukuu, uigonge kidogo kila baada ya dakika kumi uone vumbi linaelekea wapi. Likigeuka, ama zunguka upate upande wa juu, ama rudi nyumbani ukanywe chai.

Fika nusu saa kabla ya mapambazuko. Egemea shina pana kuliko mabega yako, kivulini, wala usikae kwenye mgongo wa kilima ambako umbo lako litaonekana wazi dhidi ya anga. Dakika 20 za kwanza usitarajie kitu. Ndege waliokuwa wakikupigia kelele wakirudi kula, ujue umeshazoeleka.

Pongo akikushtukia hubweka. Tohe hupiga mluzi kwa pua. Kabla ya hapo atainua kichwa na kukutegea masikio yote mawili. Hapo usiguse darubini. Atainama kana kwamba anakula, kisha atainua kichwa tena ghafla: anakupima. Ngoja ainame mara ya pili au ya tatu, aanze kutafuna kweli na mkia ucheze, ndipo unyanyue mkono taratibu.

Na koti la bluu, hata kama ni la mtumba mzuri, liache. Jamii ya swala huchanganya nyekundu na kijani, ila bluu wanaiona vizuri. Ukishuka Usangu au upande wa Ruaha, bluu na nyeusi zitakuitia mbung'o pia.

Muuzaji mmoja Mbeya mjini ananishawishi ninunue darubini ya 12×50, anasema ya 8×42 ni ya watoto. – Msomaji, Uyole

Nunua ya watoto. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 50 kwa 12 ni kama 4.2. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni, na wanyama wengi utawaona kukiwa na giza-giza. Isitoshe, inayokuza mara 12 hukuza na mtetemo wa mkono. Kabla ya kulipa, tazama kibao cha duka la mbali kwa dakika mbili mfululizo. Kichwa kikianza kuuma au herufi zikijigawa mbili, vioo havijalingana, irudishe. Nyumbani usiifungie kwenye mkoba ikiwa na unyevu wa ukungu, itaota kuvu ndani.

Vijana wetu huku Tukuyu walikuwa wategaji. Wanaweza kuwa waongozaji wa kuonyesha kipunji, yule tumbili wa misitu yetu? – Msomaji, Rungwe

Wanafaa sana. Watafiti walianza kusikia habari za kipunji kwa wawindaji wa Kinyakyusa mwaka 2003, ndipo wakamtafuta. Kisayansi alitangazwa 2005. Aliyezoea kusoma majani yaliyokatwa na maganda yaliyodondoshwa hana haja ya kufundishwa upya.

Wanachotakiwa kuacha ni kumfuata chini ya mti. Kipunji hukaa juu kabisa, na watu wakipita chini yake kundi huhama. Simama mteremko wa pili wa bonde, macho yako yawe usawa wa vilele vya miti. Sikiliza kwanza sauti yake, mchanganyiko wa honi na mbweko. Ukiona manyoya yamesimama utosini, ndevu ndefu za mashavuni na ncha ya mkia iliyofifia hadi weupe, ni yeye. Mbega ni mweusi na mweupe, huwezi kuwachanganya.

Wapate kibali kwa wahifadhi wa msitu, na mbwa, mikuki na panga wasiende navyo. Wakikuta waya wa mtego, wapige picha, waweke alama na kumwita mlinzi. Wasiukunje na kuutia mfukoni kwa nia njema, maana atakayewapekua njiani ataona waya tu.