Maswali yenu ya maji shambani: chimba kwanza alafu ndo umwagilie

Jua hili limewabana wengi huku Uganda na maswali yamekuwa mengi, leo najibu manne.

Niko Isingiro, nyanya zangu nazimwagilia kwa jerikeni kila asubuhi lakini mchana zinanyauka tu. Niongeze maji?

Usiongeze bado dada yangu. Chukua panga, chimba kando ya mche mpaka urefu wa kiganja, toa udongo wa kule chini uubane mkononi. Ukishikana, maji yapo. Ukimwagika kama unga, mizizi ina kiu. Juzi juzi niliingia shamba moja la vitunguu huku Kasese, juu udongo umelowa vizuri mpaka unapendeza, nikachimba vidole viwili tu nikakuta vumbi, na mwenyewe anaamka saa kumi na moja kila siku kubeba maji kichwani, iliniuma kweli. Maji kidogo kidogo kila siku yanalowesha ngozi ya udongo tu, jua likipiga yanaondoka, na mizizi nayo inazoea kukaa juu juu. Mwaga mengi kwa mara moja, polepole, yashuke, alafu ruka siku mbili ama tatu ukichimba tena kuangalia, maana kichanga kinakauka mapema kuliko mfinyanzi. Tandaza na majani makavu ya migomba juu.

Ila kama chini kuna unyevu na mche unalegea saa saba ukasimama tena jioni, hilo ni joto tu, uache. Na kama hausimami hata asubuhi, kata shina karibu na mizizi ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona kitu cheupe kama uzi wa maziwa kinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, ng'oa mche huo haraka na usiruhusu maji ya hapo yatiririke kwa mingine.

Sisi wa mwisho wa mfereji hapa Butaleja maji hayatufikii, wenzetu wa juu wanasema mpunga lazima usimame kwenye maji muda wote. Ni kweli?

Si kweli ndugu yangu, na hili naomba mlisome pamoja na hao wa juu. Mpunga unavumilia maji, hauhitaji bwawa siku zote. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, wamefundisha miaka mingi njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu: unachukua kipande cha bomba la plastiki, sentimita 30, unatoboa matundu nusu ya chini, unakizika mpaka matundu yamefunikwa na kutoa tope la ndani. Sasa kila ukipita unachungulia. Juu ya shamba utaona pakavu, pengine hata pameanza kupasuka, na roho itakuruka, lakini ndani ya bomba maji bado yapo na mizizi inayafikia. Yakishuka sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi ndo ufungulie tena mpaka yasimame kama sentimita 5 juu. Wiki 2 za kwanza baada ya kupandikiza acha maji yasimame kuzuia magugu, na mpunga ukianza kutoa maua usithubutu kuukausha, hapo utapoteza mavuno.

Njia hii inaweza kuokoa mpaka asilimia 30 ya maji, na gesi ya methane, ile inayoongeza joto la dunia, inapungua pia. Lakini skimu yenu nzima ya mpunga ya Doho inategemea Mto Manafwa, kwa hiyo wewe wa mwisho ukitega bomba peke yako hujasaidika kitu, wa juu ndo wafunge milango yao kwanza. Ombeni kikao cha watumia maji, mbebe na hilo bomba lenyewe, watu wachungulie kwa macho yao.

Nimefunga pampu ya sola Nakasongola, maji sasa ni bure, si niiache ivute mpaka jua litue?

Hapana. Mwanga ni bure, maji ya chini ya ardhi si bure, jirani naye anachota hapo hapo. Ekari moja ya mboga siku ya jua kali inataka maji ya kina cha kama milimita 5, hiyo ni karibu lita 20,000. Weka tangi, ujue umevuta kiasi gani, ikitosha zima.

Dripu yangu, hii mipira ya kumwagilia kwa matone, mwanzo wa laini inatoa vizuri, mwisho mimea inakauka. Nibadilishe mipira yote?

Usitoe hela kwanza mzee wangu. Osha chujio, kisha fungua ncha za mipira moja moja uache maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe, maana tope lote hukimbilia mwisho. Alafu weka vikombe vinavyofanana chini ya matundu, vingine mwanzo vingine mwisho, subiri dakika 30 ulinganishe. Kama mwisho bado ni kidogo, basi laini ni ndefu mno ama tangi liko chini, inua tangi ama gawa shamba vipande viwili umwagilie kimoja kimoja.