Usimkatishe bibi kabla zimwi halijafa

Ndugu mleta uzi, usimkataze mama mkwe wako. Umeandika kwamba anamsimulia mwanao wa miaka minne habari za mazimwi, mtoto anashtuka usiku, nawe unataka kumwambia aache. Mimi nilimwambia mama yangu aache, na neno hilo lilinigharimu miezi saba.

Mama alishuka kutoka Newala msimu wa korosho ulipokwisha, akaja kukaa nasi hapa Mtwara. Usiku mmoja umeme ulikatika, jambo ambalo sisi majirani wa gesi ya Mnazi Bay, gesi inayozalisha umeme, tumekwisha kuzoea kulicheka, naye akakaa mkekani akibangua korosho za kuchoma na kuita "Paukwa!", binti yangu akiitikia "Pakawa!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nilipotoka ndani, zimwi lilikuwa limewameza watoto wote wa kijiji pamoja na ng'ombe mmoja, na binti yangu ameshikilia upindo wa kanga ya bibi yake kwa mikono miwili. Nikasema, mbele ya mtoto, "Mama, basi, utamtia hofu." Mama akanyamaza, akakung'uta maganda, akaenda kulala. Siku ya tatu akarudi Newala, akisema mihogo yake inamsubiri.

Nilidhani nimeizima hofu, kumbe nilikuwa nimeizima hadithi pale hasa ambapo zimwi lilikuwa hai na limeshiba. Mtoto akaanza kukojoa kitandani, na kila jioni akawa ananiuliza, "Baba, wale walitoka?" Nami, msomi wa kozi ya siku mbili, nikamjibu kwamba mazimwi hayapo, wakati yeye hakuwa ameuliza hilo.

Kozi yenyewe ilikuwa ya malezi, na mtoa mada, aliyefunga tai katika joto letu la Februari, alituhakikishia kwamba hadithi za kutisha humharibu mtoto. Alichukua ada yangu, akanipa cheti ambacho leo kinaziba ufa wa dirisha, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona. Hakutuambia kwamba watoto wa umri huo huogopa giza na madude hata wasiposimuliwa lolote, wala kwamba Bruno Bettelheim, mwandishi wa saikolojia ya watoto mzaliwa wa Vienna, aliandika mwaka 1976 kwamba hadithi hizo huipa sura hofu ambayo mtoto anayo tayari, kisha humwonyesha kuwa inashindika. Bettelheim alikuja kulaumiwa kwa mengi, tena mazito, lakini kwa hili mama yangu, asiyewahi kumsikia, yuko upande wake.

Hatimaye nilituma nauli pamoja na samahani. Mama akaanzia palepale: kijana akalipasua zimwi kidole cha mwisho, watoto wakatoka mmoja mmoja, binti yangu akiwahesabu kwa korosho, akagoma kulala mpaka ng'ombe naye atoke. Kitanda kiliendelea kulowa wiki mbili, kisha kikakauka.

Kwa hiyo leo jioni kaa mkekani nao, na mtoto asiinuke kwenda kulala zimwi likiwa bado linapumua, hata ugali ukiungua.