Vidokezo kwenye gemu za mafumbo

Ndugu, umeuliza kama kutazama vidokezo ukikwama kwenye gemu za mafumbo ni kujidanganya. Mimi nasema hapana, ila kuna namna ya kutazama.

Hata kwenye vitendawili vyetu, ukishindwa unatoa mji ndipo ujibiwe. Msaada upo, lakini una bei. Kampuni ya gemu ya Infocom ya Marekani ililielewa hilo miaka ya 1980, ikauza vijitabu vya InvisiClues vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Unapaka kalamu maalumu kwenye mstari wa kwanza, unapata kidokezo chepesi. Bado umekwama, unapaka unaofuata, mpaka jibu lenyewe litokee. Return to Monkey Island ya 2022 nayo ina kitabu cha vidokezo ndani ya gemu, kinachokwenda hatua kwa hatua vivyo hivyo.

Kinachoua utamu ni video za YouTube. Umekwama kwenye mlango mmoja tu, na kabla hujaisimamisha video ushaonyeshwa vyumba vya mbele vyote.

Halafu kuna mafumbo mabovu. King's Quest ya 1984 inataka ujue jina la kibwengo kwa kugeuza alfabeti nzima, A iwe Z, B iwe Y. La hivyo litazame bila aibu.

Mimi nikikwama nazima kompyuta kwanza. Mara nyingi jibu hunijia nikiwa kwenye matatu ya Rongai, tumesimama kwenye msongamano wa Lang'ata Road. Lisipokuja, natafuta kidokezo kimoja, si jibu.