Kaburi la babu lilimezwa na ziwa. Nianzie wapi kutafuta ukoo wetu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu, ninaishi Kirumba, Mwanza. Marehemu baba yangu alituachia mambo mawili tu kuhusu baba yake: kwamba alitoka upande wa Magu akiwa kijana akabatizwa Bukumbi, na kwamba kaburi lake lilikuwa kando ya maji, mahali ambapo sasa ni ziwa. Hatuna cheti wala picha. Je, kipimo cha vinasaba kitanisaidia?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kufiwa na baba. Nianze na vinasaba, kwa kuwa jibu lake ni fupi: kipimo hicho hulinganisha damu ya watu wawili waliopo, hivyo hakiwezi kukutajia jina la babu wala kijiji chake. Kiache kwanza.

Habari ya kaburi, kinyume na unavyodhani, ni ushahidi mzuri. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, likafunika mashamba na maboma ya pwani. Mwaka 2020 maji yalirudi kwenye kimo hicho. Ili ujue ni maji yapi kati ya hayo mawili, waulize wazee kama kaburi lilizama kabla ya watu kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976. Wakisema ndiyo, basi babu yako alikwisha kuzikwa maji ya Uhuru yalipofika, na tayari una mpaka wa kwanza wa tarehe.

Kisha nenda kwa shangazi zako, kabla hujaenda ofisi yoyote. Watu wengi humkimbilia mzee wa kiume anayezoea kusema kwenye vikao vya ukoo, lakini mimi nimejifunza kwamba mwanamke aliyeolewa mbali hubeba ramani nzima ya undugu, kwa sababu alipoolewa yeye ng'ombe waligawanywa, na kila aliyepata alikuwa na haki inayojulikana. Usimuulize babu alizaliwa mwaka gani. Muulize ng'ombe wa mahari ya bibi walitoka kwa nani, na waliofika kwao walichukuliwa na nani. Shangazi yangu, ambaye hakuujua hata mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa, alinieleza juu ya mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, akanitajia mjomba aliyempeleka kwake, na kwa jina hilo moja nilifika kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja kwa miaka mingi. Miaka utaipata kwa matukio: je, babu alikuwa akichunga tayari Waingereza walipoiteka Mwanza mwezi Julai 1916? Alikuwa ameoa reli ilipofika mjini mwaka 1928?

Nyaraka za serikali za wakati wa Wajerumani na Waingereza zimehifadhiwa Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, lakini humo utakutana zaidi na watemi na wanangwa, yaani machifu na wasaidizi wao wa vijijini, kuliko na mkulima wa kawaida.

Tumaini lako kubwa ni Bukumbi, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, mwaka 1883. Mwandikie paroko kwa heshima, ukitaja jina la ubatizo, jina la baba wa babu na miaka unayokisia, kwani vitabu vya ubatizo havifunguliwi kwa kila apitaye. Jiandae kukuta Kilatini, na majina ya Kisukuma yaliyoandikwa jinsi padri mgeni alivyoyasikia. Ukiona Ng'wana Mabula, usidhani ni jina la ukoo: ni mtoto wa Mabula, na Mabula mwenyewe yawezekana alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Tarehe ya ubatizo wa mtu mzima pia si ya kuzaliwa, maana wakatekumeni wa mapadri hao, yaani waliojiandaa kubatizwa, walifundishwa kwa muda wa miaka minne.

Mwombe paroko akusomee na maandishi madogo ya pembeni, ambayo watafutaji wengi huyapita. Kanisa huagiza ndoa ya mtu iandikwe kwenye kitabu alichobatiziwa, hata kama aliifunga katika parokia ya mbali. Kwa hiyo ukimpata babu yako katikati ya ukurasa, huenda bibi yako yupo pale pembeni, kwa jina lake na mahali walipooana.