Ini na dawa unazomeza: maswali ya wasomaji wa Kigoma

Mwanangu anasomea uganga. Anasema siku hizi ini hupigwa picha dawa ikiwa inapita ndani yake. Kweli? (Mzee, Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli. Dawa nyingi haziingii kwenye ini zenyewe, hubebwa na protini zilizo kwenye kuta za seli, kama makuli wa bandari yetu wanavyopokeana magunia ya dagaa. Kuna wanaopokea upande wa damu, na kuna wanaotoa upande wa nyongo. Makuli hawaonekani kwenye picha. Mzigo ndio unaoonekana. Mtu huchomwa mshipani sindano ya gadoksetati, ambayo hung'aa kwenye MRI, yaani mashine ya kupiga picha kwa sumaku, na karibu nusu yake hutolewa kupitia ini. Picha hupigwa mfululizo. Mwanzoni ini ni la kijivu, lakini dakika 20 hivi baadaye limekuwa jeupe, na mirija ya nyongo imeanza kujichora.

Siku nyingine mtu yuleyule humezeshwa kwanza rifampisini, moja ya dawa za TB. Safari hii ini hubaki na giza, kwa kuwa rifampisini imewaziba makuli mlangoni. Kwa hiyo hata dawa nyingine zinazopitia mlango huo, kama baadhi ya statini za kushusha lehemu, zitarundikana kwenye damu. Naithamini sana njia hii, maana kipimo cha damu hueleza kilichobaki nje tu, hakikuonyeshi kilichoingia.

Niko mwezi wa pili wa dawa za TB. Mkojo ni wa rangi ya chungwa, na hata jasho limetia doa kanzu yangu. Ini linaharibika? (Kasulu)

Pole ndugu yangu. Rangi hiyo ni ya rifampisini yenyewe, haina madhara. Cha kuogopa ni mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutapika, kuchukia chakula na macho kuwa ya manjano. Jiangalie nje, mchana, kwa sababu mwanga wa taa hudanganya: vuta kope la chini utazame pale peupe. Ukiona unjano, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na dawa zako mkononi. Usingoje tarehe ya kliniki.

Vidonge vya majira na dawa za TB vinapatana? (Dada, Mwanga)

Havipatani, dada. Rifampisini ileile inayoziba mlango siku ya kwanza, ukiimeza kwa wiki kadhaa hulifanya ini liongeze vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa, na kidonge cha majira huisha nguvu kabla hakijafanya kazi. Hata anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, huongezewa dozi, miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Muulize muuguzi kuhusu kitanzi cha shaba, hicho hakiguswi.

Altrasaundi imeonyesha ini langu ni zima. Basi dawa zangu hazigombani? (Uvinza)

Hapana. Altrasaundi huona ukubwa, umbo na mawe ya nyongo, haioni makuli. Tia dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na ile chupa ya mizizi, ukazimwage mezani kwa mfamasia.