Maswali ya wasomaji: sensa ya mafuta kwenye ndege ndogo

Cessna 206 yetu ina injini ya Continental IO-520. Fundi ameifunga sensa ya mtiririko wa mafuta kabla ya pampu ya injini, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Sasa mita inadai tunachoma mafuta mengi kuliko tunayojaza. Sensa ni mbovu? — Msomaji, Port Reitz

Sensa ni nzima, mahali ndipo pabaya. Pampu ya Continental huvuta mafuta kupita mahitaji ya injini, na sehemu yake hurudi kwenye tenki pamoja na mvuke. Sensa iliyo kabla ya pampu huyahesabu hayo yanayorudi, kisha huyahesabu tena yakija mara ya pili. Ihamishieni baada ya kifaa cha kupima mafuta kilichounganishwa na throtoli, kabla ya kigawanyaji kilicho juu ya injini, kinachopeleka mafuta kwa kila silinda. Hapo yanayopita ndiyo yanayoungua.

Injini ya Lycoming yenye sevo ya Bendix (kifaa chake cha kupima mafuta) haina bomba la kurudisha, hivyo huwa na uhuru zaidi: kabla ya sevo au baada yake. Injini ya kabureta hufungiwa sensa kati ya pampu na kabureta. Ndege ya mabawa ya juu isiyo na pampu, ambayo mafuta hushuka yenyewe, ndiyo ya kuogopa. Kila kizuizi hupunguza mkondo, na kanuni za usanifu za Marekani za kabla ya 2017 zilidai mfumo wa namna hiyo upitishe asilimia 150 ya mafuta ya injini wakati wa kupaa. Mfumo wa pampu ulidaiwa asilimia 125. Pimeni hilo kabla ya kuruka, si baada.

Kuhamisha sensa ni kuifanyia ndege badiliko. Hati ya badiliko iwe inakubaliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na mhandisi mwenye leseni atie sahihi kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za ndege.

Namba za mita zinarukaruka, hasa mchana wa jua kali ndege ikiwa chini. Tulifunga upya fitingi zote. — Rubani, Nyali

Hizo fitingi za "upya" ndizo za kuangalia kwanza. Kama mlizungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ifungueni leo. Uzi mmoja wa tepu ukimeguka hujisokota kwenye kigurudumu cha sensa, au huendelea hadi kwenye nozeli za kunyunyizia mafuta. Tumieni kilainishi maalumu cha nyuzi za fitingi (michirizi ya skrubu), kidogo, mkiacha nyuzi mbili za mwanzo kavu. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana, raundi zisizozidi mbili. Ukipita hapo unapasua mwili wa sensa, ambao ni alumini. Na asipulize mtu hewa ya kompresa ndani yake "kuisafisha": kigurudumu hukimbia kupita kiasi na kuharibu beringi zake za vito.

Kama nyuzi za fitingi ni safi, basi ni mvuke. Joto la Mombasa likishirikiana na injini iliyozimwa punde hugeuza mafuta kuwa mapovu, na povu linapopita kigurudumu huruka. Sensa ikae waya zake zikitazama juu, mbali na bomba la moshi, na isifungwe elbo (kiungo cha kona) ya digrii 90 mlangoni mwake. Waya zake tatu zisipite kando ya waya za magneto, zinazopeleka umeme wa cheche. Viungo vya waya vifungwe kwa mirija inayozuia maji. Hewa ya chumvi haina simile, huoza kiungo kilichofungwa wazi huku nje kinang'aa.

Mkimaliza, washeni injini kifuniko chake kikiwa wazi, izimeni, halafu mpite na tochi kila kiungo. Avgasi 100LL, petroli ya ndege, ikivuja huacha doa la buluu.

Sensa ni ya aina ya FT-60, namba ya K (mipigo ya sensa kwa kila galoni) niliyoingiza ni 68,000. Bauza, gari la mafuta, hutoa lita, mita huhesabu galoni. Narekebishaje? — Msomaji, Changamwe

Usirekebishe kwa safari moja. Jaza mara tatu, ndege ikiwa mahali pale pale pa sawa, hadi alama ile ile, kisha jumlisha. Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Ukijaza jumla ya lita 189.25, umetumia galoni 50. Mita ikisema 52.5, gawanya hiyo kwa 50, zidisha na 68,000: K mpya ni 71,400. Mita ikisoma juu, K hupanda. Wengi hukosea hapo na kuishusha, kosa likazidi.

Sasa naweza kuacha kijiti cha kupimia tenki? — Yule yule

La. Mita huanza na kiasi ulichoiambia wewe, kisha hutoa kinachopita kwenye sensa. Mfuniko wa tenki la bawa ukilegea, mafuta hunyonywa nje angani bila kupita huko, na kioo kitaendelea kukuonyesha lita ambazo zimekwisha kumwagika baharini.