Mambo niliyochelewa kujifunza katika utafiti wa afya ya watoto wachanga Bagamoyo

Kijana anayeingia katika utafiti wa lishe na kinga ya watoto wachanga mara nyingi huwa ameandaliwa vizuri kwa upande wa takwimu na maabara, lakini hajaandaliwa kabisa kwa upande wa mkekani, pale ambapo mama ameketi na mtoto pajani, bibi anapepeta mchele mlangoni, na yeye mtafiti ana tableti mkononi na maswali arobaini ya kumaliza kabla ya adhuhuri. Mimi nilianza hivyo hivyo. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika vijiji vya Bagamoyo, kuanzia Kaole na Mlingotini hadi Kiwangwa, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza mapema, hasa lile la kwanza, ambalo liliniharibia takwimu za wiki nyingi.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu mwaka 2001 kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee katika miezi 6 ya mwanzo, na maana ya "pekee" ni kali kuliko wengi tunavyoidhani: dawa alizoandikiwa na mganga, matone ya vitamini na maji ya chumvichumvi ya kutibu kuharisha vinaruhusiwa, lakini maji ya kawaida, hata yaliyochemshwa, hayaruhusiwi. Mimi nilikuwa nimeikariri tafsiri hiyo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba na mama niliyekuwa nikimhoji alikuwa ameikariri.

Katika wiki zangu za kwanza nilijaza dodoso baada ya dodoso likionyesha kuwa karibu kila mtoto ananyonya tu, nikaona ni jambo la kujivunia. Kisha siku moja, Mlingotini, mama wa mtoto wa wiki saba alipokuwa amemaliza kunijibu kwamba "ananyonya tu, hali kitu," mama mkwe wake aliingia na kikombe cha plastiki na kijiko, akaketi kando yetu, akamnywesha mtoto maji ya uvuguvugu bila wasiwasi wowote. Nilipouliza kwa adabu, bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akasema, "Maji si chakula, mwanangu." Hakuna aliyenidanganya. Nilimwuliza mama habari za chakula, naye akanijibu habari za chakula.

Tangu siku hiyo siulizi tena mtoto anakula nini. Nauliza tangu jana asubuhi hadi sasa ni kitu gani kimepita kinywani mwake, kisha navitaja vitu kimoja kimoja kwa majina yake ya nyumbani: maji, maji ya glukosi, dawa ya mchango, maji ya kombe, asali, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe. Nauliza pia siku ya kuzaliwa ilikuwaje, kwa sababu katika nyumba nyingi za mwambao mtoto huonjeshwa tende iliyolainishwa kabla hata hajanyonya, na hilo ni jambo la ibada linalopaswa kuandikwa kwa heshima bila mtafiti kukunja uso. Ukikunja uso mara moja, orodha yote inayofuata itajibiwa "hapana, hapana, hapana". Usitegemee kumbukumbu ya saa 24 peke yake, kwa sababu mtoto aliyepewa maji juzi na wiki iliyopita ataonekana leo kama hajawahi kupewa, na ndiyo maana viwango vinavyopatikana kwa njia hiyo huwa juu kuliko hali halisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Unaposoma kiwango kama hicho, kisome ukijua swali lililokizaa.

Huenda ukaona ninashughulika mno na kijiko cha maji. Ninafanya hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita kinga ya mtoto mchanga inajengwa tumboni. Dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yana kingamwili nyingi za aina ya IgA, ambazo haziingii katika damu ya mtoto bali hubaki zimetanda juu ya utando wa utumbo zikizuia vijidudu visijishikize. Maziwa yanayofuata yana aina nyingi za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Kazi mojawapo ya sukari hizo ni kuwalisha bakteria rafiki wa jamii ya bifido waishio utumboni mwake. Kijiko cha maji ya kisima kinaingia katikati ya mpango huo kikiwa na vijidudu vyake, na kinachukua pia nafasi ya maziwa ambayo mtoto angeyanyonya. Basi ukiwaweka watoto wa kijiko katika kundi la wanaonyonya pekee, kisha ukalinganisha kuharisha, uzito au mwitikio wa chanjo ya matone, tofauti uliyoitafuta itafifia, nawe utaandika kwamba kunyonyesha hakukuleta mabadiliko, ilhali kilichofifisha tofauti ni dodoso lako.

Jambo la pili linahusu damu ya mtoto na mali ya mama iliyomo ndani yake. Kingamwili za aina ya IgG huvuka kondo la nyuma, nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ndiyo maana aliyezaliwa njiti huja duniani na akiba ndogo. Mgeni wa maabara akizikuta kingamwili za surua katika damu ya mtoto wa miezi mitatu hufurahi kana kwamba mtoto amezitengeneza, kumbe ni za mama na zinaendelea kupungua. Zinapokuwa nyingi zinaweza kuuzuia mwili wa mtoto usiitikie chanjo vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo ya surua na rubela kusubiri hadi miezi 9 katika ratiba yetu na kurudiwa miezi 18.

Bagamoyo ina mfano wake wa jambo hili. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa hapa majaribio, na katika awamu ya tatu Bagamoyo na Korogwe mkoani Tanga zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, vikiwa na watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla. Kwa waliopata na dozi ya nyongeza, chanjo ilipunguza matukio ya malaria kwa takriban asilimia 36 miongoni mwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, lakini kwa takriban asilimia 26 tu miongoni mwa walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12. Kingamwili za mama ni moja ya sababu zilizopendekezwa kueleza tofauti hiyo, pamoja na uchanga wa mfumo wa kinga wenyewe, na Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021 lilisema ianzwe kutolewa kuanzia miezi 5. Kwa hiyo andika umri wa mtoto kwa siku, kutoka kwenye kadi ya kliniki, wala usiridhike na "ana miezi mitatu hivi".

Usiamini pia kwamba kirutubisho kizuri hakiwezi kudhuru. Ng'ambo ya bahari, Pemba, lilifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, ambamo watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa madini ya chuma na asidi foliki kila siku. Waliopewa walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa kabla ya wakati. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kirutubisho kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni ugonjwa uliokizunguka. Vilevile, jaribio la kuwapa vitamini A watoto waliozaliwa punde, lililofanyika Morogoro na Dar es Salaam kwa watoto takriban 32,000, halikupunguza vifo, ingawa matone ya vitamini hiyo kuanzia miezi 6 yanaendelea kutolewa kwa sababu nzuri. Nawaona vijana wakiyaonea haya matokeo ya namna hii, nami siwaelewi, kwani yameokoa fedha na pengine watoto.

Kuhusu vipimo nitasema machache. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao, mwingine anyooshe magoti na kusoma. Katika utafiti uliozaa viwango vya ukuaji vya dunia vya mwaka 2006, wapimaji wawili walipotofautiana kwa zaidi ya milimita 7 katika urefu, au gramu 100 katika uzito, walitakiwa kupima upya. Mizani iwekwe sakafuni pagumu, si juu ya jamvi. Msimamizi wangu mmoja aliwahi kuniita akanionyesha kwamba vipimo vyangu vya mzunguko wa mkono vilikuwa karibu vyote vinaishia na sifuri au tano, akaniuliza kama watoto wa Bagamoyo wanakua kwa kuruka nusu sentimita. Nilicheka peke yangu. Pale ambapo utapiamlo mkali ni mkono ulio chini ya sentimita 11.5, mkono uliosomwa 11.5 badala ya 11.3 unamnyima mtoto tiba.

Lililo gumu zaidi ni idhini. Mwambao huu una kumbukumbu ndefu ya mumiani, yaani watu wanaosimuliwa kuwa hunyonya damu za wengine, na mtu anayekuja na sindano na gari jeupe asishangae kusikia minong'ono kwamba damu inauzwa. Usiicheke. Mwonyeshe mama bomba lenyewe, mweleze kuwa mililita 2 hazifiki hata nusu ya kijiko cha chai, mwambie damu inakwenda wapi na itapimwa nini, na urudi na majibu siku uliyoahidi, kwani ahadi moja isiyotimizwa husambaa kitongoji kizima kabla ya Ijumaa. Mwenyekiti anaweza kukufungulia mlango wa kijiji, lakini hawezi kutoa idhini ya mtoto kwa niaba ya mama. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa mradi, kisha aweke dole gumba. Ukimkuta mtoto aliyekonda, chunga sana maneno yako mbele ya majirani, kwa kuwa wapo watakaosema amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamekutana kimwili mapema, na lawama hiyo huwaangukia wazazi katika jambo la faragha yao. Mama aliyewahi kuonewa hivyo hatarudi kliniki kwa hiari. Mpe rufaa ya kituo cha afya kwa sauti ya chini, na ukiweza umsindikize.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi Mlingotini na dodoso jipya, nikaomba kwanza ruhusa ya kumsomea bibi yule orodha yangu ya vitu saba ili anikosoe. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaniambia nimesahau maji ya dafu, ambayo siku za joto hupewa hata mtoto wa arobaini. Tuliyaandika kuwa swali la nane.